Kidonge Kwenye Panja la Kushoto

"Keti vizuri, unalikunja gauni," Lella Wassila alimnong'oneza binti yake, akimnyoosha bega kana kwamba bado ni mtoto wa shule.

"Mama, niache. Watu wanatazama."

"Watazame! Nimetoka Sfax kuja kutazamwa."

Kwenye mapaja yake alikuwa amepakata sinia ya baklawa za lozi iliyofungwa kitambaa cheupe. Mapokezi walimwomba aiache, akakataa katakata. Wahudumu wa Tunis, alisema, hajawahi kuwaamini mbele ya lozi zake. Basi akakaa nayo mstari wa mbele katika ukumbi wa hoteli ile ya Gammarth, katikati ya maprofesa, na kila aliyepita alijibiwa kabla hajauliza: "Ndiyo, huyu ni wangu. Olfa Fendri. Ndiye anayepewa."

Kila mwaka mwezi wa Juni, wanasayansi wanaopiga picha za ubongo wa binadamu hukutana, hubishana siku kadhaa, kisha alasiri ya mwisho humpa tuzo mmoja wao aliye kijana. Mwaka huu ni Olfa. Alikuwa amelala na kuamka akiota alasiri hii tangu alipoanza kusoma. Sasa imefika, naye alitamani ipite.

"Maher naye alitaka kuja," mama aliendelea, kwa sauti ambayo yeye aliiona ni ya chini. "Nikamwambia subiri, mtoto wa kaka yangu, utakuja siku ya harusi yenu. Mtu wa kwetu, ana mizeituni yake, ana heshima zake. Tena akianza neno analifikisha mwisho."

Olfa alihisi uso umemwaka. Mama hakujua amegusa wapi. Alikuwa na habari tu kwamba pale maabara kuna kijana mmoja wa Gafsa, mji wa machimbo ya fosfeti, mwenye kigugumizi, ambaye binti yake humtaja mara nyingi mno, na tangu asikie hivyo hakukosa kijembe. Hakujua kwamba kijembe hichohicho Olfa alishakitumia yeye mwenyewe, mbele ya mwenye kigugumizi.

Olfa akageuka nyuma kidogo, kama mtu anayetafuta saa ya ukutani. Lazhar Amri alikuwa amesimama karibu na mlango, shati jeupe, mikono mfukoni. Hakuwa amekaa. Macho yao yakakutana, na Olfa ndiye aliyekimbia kwanza kuyaangusha yake chini.

Jamani, mapenzi ya wawili hawa yalianzia kwenye kigugumizi hicho. Lazhar ni mtaalamu wa mashine ya sumaku inayopiga hizo picha, mtu wa fizikia, kichwa chepesi kuliko wote pale. Akisema, maneno humkwama. Akiimba, hayamkwami hata moja. Olfa alimsikia siku moja akiimba wimbo wa kumbembelezea mtoto, wimbo wa mama yake wa Gafsa, maneno yakishuka bila kigingi, akasimama mlangoni na faili mkononi asiweze kuondoka. Kwa nini anayekwama kwa kusema hakwami kwa kuimba? Ni sehemu gani ya ubongo inayomwokoa? Utafiti uliompa tuzo ulizaliwa pale mlangoni, na upendo nao ukazaliwa hapohapo, pacha wake.

Na matokeo yakashangaza kila mtu. Wengine wote walidhani mwokozi huyo yuko upande wa kulia wa ubongo. Olfa akaonyesha yuko kushoto.

Kisha ikaja ile jioni ya chumba cha kompyuta, wiki majaji walipotangaza jina lake.

"Olfa," Lazhar alimwambia, akivuta kiti karibu. "Ile p-picha ya kichwa chako, ya kwanza kabisa. Ki-kidonge…"

"Kidonge kimefanya nini?"

Inafaa kusema hapa kwamba picha ya ubongo, kwa kuitazama tu, haikwambii kulia ni wapi na kushoto ni wapi. Kompyuta inaweza kuigeuza kama shati na usijue. Kwa hiyo wenye kazi hii wana desturi: kabla mtu wa kwanza wa utafiti hajaingia kwenye mashine, humbandika kwa plasta kidonge cha mafuta ya samaki kwenye panja, pale pembeni mwa jicho, upande wa kulia. Kwenye picha kidonge huonekana kama nukta nyeupe, na nukta hiyo ndiyo kulia. Olfa alikuwa amejaribisha mashine kwa kichwa chake mwenyewe kabla ya watu wengine wote, na nukta ya kichwa chake ndiyo aliyoifundishia kompyuta pande za vichwa vyote vilivyofuata.

"Nilikibandika ku-ku…"

"Kulia," Olfa akammalizia, kama alivyozoea.

Lazhar akatikisa kichwa. "Ku-shoto. Siku ile kulia palikuwa pa-pamevimba. Mlango wa ka-kabati. Nilikwambia."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia, Olfa. N-nilikuimbia."

"Lazhar, majaji wametaja jina langu juzi. Jina langu, si lako. Na leo ndiyo unakumbuka kidonge?"

"Unadhani nina wi-wi-wi…"

"Wivu! Ndiyo, wivu. Hata neno lenyewe linakushinda."

Hapo angenyamaza, pengine pangeponyeka. Hakunyamaza. Hofu ilikuwa imeshampanda, naye hofu ikimpanda huwa mkali kama mama yake.

"Kajifunze kwanza kumaliza sentensi, ndipo uje kunisahihisha. Au huko machimboni kwenu ndivyo mnavyofanya kazi?"

Lazhar hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye. Alichukua koti lake. "Fu-fungua picha," alisema. "Itazame tu." Akaufunga mlango taratibu nyuma yake, na tangu siku ile walikuwa wakipishana kwenye korido kama wapangaji wasiojuana.

Picha hakuifungua. Kila asubuhi aliwasha kompyuta, akaliona jina la faili, akapita. Mtu mwenye hakika asingeogopa faili. Alilijua hilo, na kulijua kulimfanya ajionee aibu hata akiwa peke yake chumbani, akipiga mswaki.

"Binti yetu Olfa, panda juu!" sauti ya Profesa Neziha ikaita kwenye kipaza sauti.

Makofi yakalipuka. Lella Wassila akapiga kigelegele kimoja kirefu cha harusini, maprofesa wakageuka, naye akawatikisia kichwa kwa hisani. Olfa akapanda ngazi.

Profesa Neziha, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa mama mfupi mwenye nywele za mvi na masihara mengi. Alimshika mkono akamgeuza awatazame watu.

"Wageni wetu mnajua desturi ya hapa," alisema. "Sisi mshindi hatumwonyeshi uso. Uso unapakwa poda, unadanganya. Tunamwonyesha ubongo! Mwaka jana tulionyesha wa Dokta Ridha pale, mkewe akasimama akauliza: huo wote ni wake, mbona nyumbani hautumii?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Dokta Ridha akainua mikono kusalimu amri.

"Haya, kijana wa mitambo, tuletee ubongo wa Olfa. Tena nimeomba kichwa kizima, pamoja na ngozi na pua, maana ana pua nzuri."

Taa zikapunguzwa. Skrini nyuma yao ikawaka.

Olfa alijitazama akiwa mkubwa kama nyumba. Ile ilikuwa picha yake ya kwanza, iliyokatwa kwa mbele: mboni mbili za macho, mikunjo ya ubongo, na pembeni ile nukta nyeupe ya kidonge. Alikuwa ameitazama siku moja tu, miaka iliyopita, akatafuta nukta, akaipata, akafurahi, akaiamuru kompyuta ivue ngozi na fuvu ubaki ubongo mtupu. Ndivyo wote wanavyofanya. Hakuna anayejali ngozi.

Sasa ngozi ilikuwepo. Na upande wa pili, mkabala na ile nukta, ngozi ya panja ilikuwa imetuna. Nundu. Nundu ya wazi kabisa, iliyovimba na kung'aa.

Mkono wake ukapanda wenyewe usoni, ukagusa kovu dogo karibu na nyusi. Kovu la mlango wa kabati la jikoni. Lilikuwa upande wa kulia.

Na hapo wimbo ukamrudia. Alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba cha mashine, Lazhar amemwinamia na kipande cha plasta kidoleni. Ilikuwa mara ya kwanza uso wake kuwa karibu namna ile. Kwa haya, ili asikwame, hakusema. Aliimba kwa sauti ya chini, kwa lahani ya mama yake, *hapa pamevimba, nisikuumize, nakiweka kushoto, kushoto ukumbuke.* Na Olfa alikuwa akizitazama kope zake. Alikuwa akijiuliza kama naye anausikia moyo unavyodunda. Wimbo aliusikia wote, maneno hakuyashika hata moja.

Basi nukta haikuwa kulia. Vichwa vyote vilivyofuata alikuwa amevigeuza. Ugunduzi wa upande wa kushoto haukuwepo.

"Hii hapa!" Profesa Neziha alikuwa ameshika tuzo yenyewe, ubongo mdogo wa kioo, anamkabidhi. "Pokea, binti yangu."

"Profesa," Olfa alisema, mdomo mbali na kipaza sauti. "Siwezi. Nimekosea."

"Umekosea nini? Ni woga. Pokea."

"Picha zote nimezigeuza. Tazama nundu. Tazama kovu langu."

Profesa Neziha alitazama skrini, akatazama uso wa Olfa, akatazama tena skrini. Masihara yakamtoka. Alikuwa mtu wa kazi hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akasogea karibu, akatabasamu kwa ajili ya watu, akasema bila kufungua meno, "Sikiliza. Pokea, ukae. Kesho uje ofisini, tutalisahihisha kimyakimya. Hutakuwa wa kwanza."

Ingekuwa rahisi sana. Chini pale mama yake alikuwa ameinua simu anapiga picha, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Mstari wa pili alikaa Dokta Mongi wa Sousse, aliyekwisha tangaza kwamba Jumatatu anaanza kuwatibu vijana wenye kigugumizi kwa sumaku, upande wa kushoto, kama utafiti wa Olfa ulivyoelekeza. Alikuwa akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Olfa akatazama mlangoni. Lazhar naye alikuwa ameiona nundu. Alikuwa ndiye mtu pekee wa pale ukumbini ambaye angeitafuta. Lakini hakuwa akimtazama kwa ushindi. Alikuwa ameinamisha kichwa, analitazama zulia. Alikuwa akiona aibu kwa niaba yake.

Hilo ndilo lililomvunja. Akakisogelea kipaza sauti.

"Naomba msipige makofi."

Makofi yakafa moja moja.

"Ile nukta mnayoiona ni kidonge changu. Niliichukulia kuwa ni kulia. Si kulia. Upande wenye uvimbe ndio kulia, kovu lake hili hapa, aje alitazame anayetaka. Kwa nukta hii niligeuza picha za watu wote. Kwa hiyo niliyowaambia kuhusu upande wa kushoto si kweli. Ni kulia, kama mlivyojua zamani. Sina nilichogundua."

Dokta Mongi akasimama. "Unasema Jumatatu nisiwashe mashine yangu?"

"Usiwashe, dokta. Nakuomba. Usimguse mtoto wa mtu."

Akaketi polepole, akijifuta uso kwa kitambaa.

"Na si kwamba sikuambiwa," Olfa akaendelea. "Niliambiwa na aliyekibandika. Lazhar Amri, yuko pale mlangoni. Alinieleza kwa adabu, nami nikamkata maneno. Nikamcheka anavyosema. Nimefanya utafiti juu ya watu wenye kigugumizi, nimewaita, nimewapiga picha, nimejifanya nawaelewa. Na wa kwanza wao nilimtukana kwa kigugumizi chake. Picha nitazigeuza upya. Hilo jingine sijui naligeuzaje."

Akashuka. Ubongo wa kioo ulibaki mikononi mwa Profesa Neziha, na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.

Nje kwenye baraza jua lilikuwa bado kali, bahari inang'aa chini ya bustani. Olfa alishika ukingo, anapumua kama aliyekimbia. Viatu vya mama yake vikamfuata, kwa-kwa-kwa, na sinia yake vilevile.

"Umenivua nguo!" Lella Wassila alisema. "Mbele ya Tunis nzima! Mke wa jirani yetu Hedi amekaa nyuma yangu, kesho Sfax yote inajua. Yule bibi alikupa njia, nilimwona. Ulishindwa nini kunyamaza?"

"Nilishanyamaza, mama. Nimenyamaza mpaka leo."

"Na huyo kigugumizi! Ni nani hasa mpaka umtaje kwenye kipaza sauti?"

Olfa akageuka. Wanja ulikuwa umemchafua mashavu yote mawili, wala hakujali.

"Ndiye niliyekuwa nakuficha. Ndiye ninayempenda. Nilikuficha kwa kuwa nilikuonea aibu wewe, na yeye nikamwonea aibu kwa ajili yako, na sasa nimebaki na aibu yangu mwenyewe. Yale matusi niliyomtukana ni maneno yako, mama. Ya machimbo, ya kumaliza sentensi. Yako yote. Lakini mdomo ulikuwa wangu."

Lella Wassila akaiweka sinia juu ya meza, akaanza kukinyoosha kitambaa chake ambacho hakikuwa na mkunjo.

Mlango wa kioo ukafunguka. Lazhar akatoka, akasimama hatua chache kutoka kwao.

Olfa alitaka kumkimbilia. Lakini angemkimbilia kwa uso gani? "Lazhar," alisema, "sikusema yale ili unihurumie. Sikustahili hata unisalimie. Nisamehe, au usinisamehe, vyote nitavielewa."

Lazhar akafungua mdomo. Neno likakwama. Shingo ikamkaza, kope zikajifumba, ile namna aliyoijua Olfa na kuipenda na kuikejeli. Sekunde zikapita. Maneno manne yanayoweza kufuata yalikuwa yameshamjia Olfa kichwani, kila moja likimwasha ulimi alitoe amsaidie. Akauma mdomo. Pembeni, Lella Wassila hakuweza kuvumilia.

"Anataka kusema kwamba…"

Olfa akamshika mama yake kifundo cha mkono. "Mwache, mama. Mwache amalize."

Mhudumu akapita na chai ya mnanaa, akawaona watu watatu wamesimama kimya, akarudi alikotoka.

"S-s-sijakusamehe," Lazhar alisema hatimaye. "Bado."

Olfa akaitikia kwa kichwa.

"Lakini n-nimekuja na funguo za maabara." Akazitoa mfukoni, zikalia kiganjani. "Vichwa ni vi-vingi. Peke yako hutamaliza. Tutaanza na cha-cha-chako. Nitakibandika kulia." Akavuta pumzi. Kitu kidogo sana, kisichotosha kuitwa tabasamu, kikapita kwenye midomo yake. "Na safari hii u-usinitazame kope. Sikiliza."

"Ulijua?"

"N-ni nani asiyejua? Mashine inapima hadi mapigo ya mo-moyo."

Olfa akacheka na kulia kwa pamoja, akajifunika uso kwa viganja. Aibu ilimjaa tena, lakini hii ilikuwa ya namna nyingine, ya msichana. Alipoviondoa viganja alimkuta mama yake anakifungua kitambaa cha sinia. Lella Wassila alichagua baklawa yenye lozi nyingi kuliko zote, akaigeuzageuza, kisha akamnyooshea kijana wa Gafsa bila kumtazama machoni.

"Chukua. Zilikuwa za tuzo, sasa sijui ni za nini." Akakohoa. "Jina lako limetajwa ndani, lakini mimi sikulishika vizuri, nilikuwa nimekasirika. Niambie mwenyewe."

Lazhar akaipokea kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, na neno likamkwama palepale mwanzoni.

Lella Wassila akavuta kiti, akaketi, akauweka mkoba wake mapajani.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Treni yangu ni kesho."